Kutoka Tanurini Hadi Kikombeni: Mwongozo Kamili wa Kutafiti, Kutengeneza na Kuuza Chujio la Maji la Udongo Mashariki mwa Uganda

Vikundi vingi vinavyotengeneza machujio ya maji ya udongo huweka madaftari matatu yasiyokutana. Fundi wa tanuri anaandika vyungu vilivyotoka bila ufa. Mtunza fedha anaandika vilivyouzwa. Mtu wa afya anaandika watoto walioharisha. Mwaka ukiisha kila mmoja ana ripoti ya kuridhisha, lakini hakuna anayeweza kujibu swali la msingi: leo asubuhi ni kaya ngapi zimekunywa maji yaliyopita kwenye chujio letu, na kila moja ya kaya hizo imetugharimu shilingi ngapi?

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuendesha utafiti mmoja unaojibu swali hilo, kuanzia shimo la udongo mpaka jikoni. Nimeuandika nikiwaza zaidi Tororo, Busia, Butaleja na Mbale. Udongo wa mfinyanzi upo mabondeni. Pumba za mpunga zinarundikana kwenye vinu karibu na skimu ya Doho. Chuo Kikuu cha Busitema kina wahandisi kwenye kampasi yake kuu na kitivo cha afya Mbale mjini. Na Kiswahili cha sokoni kinawakutanisha Jopadhola, Iteso, Wasamia na Wagwere kuanzia Malaba hadi Mbale. Mtu wa Arua au Kasese anaweza kuufuata vilevile, akibadilisha udongo na lugha.

Chujio lenyewe

Ni chungu chenye umbo la ndoo, kinachobeba lita 10 hivi, kimekaa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko na koki. Udongo uliosagwa unachanganywa na pumba za mpunga au unga wa mbao uliochekechwa. Tanurini pumba zinaungua zote na kuacha vijitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yanapenya, lakini vijidudu wengi wa kuhara wananaswa ukutani. Muundo huu ulibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Dkt. Fernando Mazariegos. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Nikaragua mwaka 1998, mfinyanzi Ron Rivera wa shirika la Potters for Peace aliusambaza nchi nyingi. Hapa Uganda kampuni ya SPOUTS of Water inatengeneza na kuuza chujio la aina hii kwa jina la Purifaaya.

Mipaka yake ijulikane tangu mwanzo. Chujio likitengenezwa vizuri linapunguza bakteria kwa asilimia 99 au zaidi, na vimelea wakubwa kama jiadia hawapiti kirahisi. Virusi ni wadogo mno, wengi wanapita. Floridi, dawa za mashambani na chumvi haviondolewi. Muuzaji asiyetaja mambo haya anauza ahadi isiyo yake.

Kipimo kimoja cha kuongoza kazi yote

Kabla ya kununua hata chekeche, kubalianeni kipimo hiki: gharama kwa kila chujio linalotumika baada ya miezi 12. Nachukua mfano wa namba za kufikirika tu, ninyi mtaweka zenu.

Mchomo mmoja wa tanuri una vyungu 100 na gharama zake zote, pamoja na posho na kuni, ni shilingi 1,440,000. Vyungu 72 vinafaulu vipimo, kwa hiyo kila chungu kizuri kimekula 20,000, si 14,400 kama mtunza fedha anavyopenda kuandika. Ongeza ndoo, mfuniko na koki kwa 25,000, jumla 45,000. Baada ya mwaka mnakuta machujio 60 kati ya kila 100 bado yanatumika. Gawanya: kila chujio linalotumika limegharimu 75,000.

Sasa mna njia mbili. Njia ya kwanza, rekebisheni tanuri mpaka vyungu 90 vifaulu. Chungu kinashuka hadi 16,000, chujio zima 41,000, na kila linalotumika ni kama 68,300. Njia ya pili, liacheni tanuri lilivyo, ongezeni 5,000 kwa kila chujio kulipia ziara za nyumbani na koki za akiba, matumizi yapande hadi 85 kati ya 100. Kila linalotumika linagharimu kama 58,800. Katika mfano huu shilingi iliyokwenda jikoni imefanya kazi kubwa kuliko iliyokwenda tanurini. Kwenye kikundi kingine jibu litageuka. Daftari moja ndilo litakalowaonyesha.

Matumizi nayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Watafiti Joe Brown na Thomas Clasen walionyesha mwaka 2012, kwa hesabu za modeli, kwamba kaya inayokunywa maji safi siku nyingi lakini si zote inaweza kupoteza sehemu kubwa sana ya faida ya kiafya. Kushuka kutoka asilimia 100 hadi 90 ya maji yanayonywewa kuliweza kufuta mpaka asilimia 96 ya faida iliyotarajiwa, pale ambapo maji ni machafu sana. Mtoto anayekunywa ya chujio nyumbani na ya kisima shambani bado yuko hatarini.

Hatua ya 1: Vibali, na watu wa kuanza nao

Utafiti unaohoji watu kuhusu afya yao unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kisha usajili wa baraza lenyewe. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ina kamati yake. Tengeni miezi kadhaa na ada yake kwenye bajeti. Majina, namba za simu na mahali kaya zilipo zinalindwa na sheria ya faragha ya taarifa ya mwaka 2019, kwa hiyo orodha ya majina ikae mbali na fomu za majibu, kila kaya ibaki na namba tu.

Barua za idhini ziende kwa afisa afya wa wilaya, halafu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kila kijiji. Wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, waambieni mapema. Mpango wao ulianza mwaka 2001 na ndio wanaojua nyumba ipi ina mtoto mchanga na ipi imehama.

Kuhusu sura ya biashara: kikundi kinaweza kusajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, kama kampuni isiyogawana faida, au kikawa chama cha ushirika. Mimi napendelea ushirika pale ambapo wafinyanzi wenyewe ndio wanachama, kwa sababu wanapata sauti kwenye bei. Kwa vyovyote, fungueni mazungumzo na UNBS, shirika la viwango la taifa, mapema. Wauzaji wa madukani huko mjini watawauliza alama ya ubora.

Hatua ya 2: Udongo na pumba

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo uhandisi unapoanza.

Chukueni udongo kutoka mashimo matatu au manne tofauti. Pelekeni sampuli ya kila moja maabara ya serikali ya uchambuzi Wandegeya, ipimwe risasi na aseniki. Udongo ulio karibu na gereji, jalala au mgodi usichukuliwe hata kama unafinyangika vizuri. Shimo likishachaguliwa, libaki hilohilo kwa muda wote wa utafiti. Likibadilika, andikeni tarehe.

Kausheni udongo, upondeni, usageni, uchekecheni kwa chekeche lenye matundu ya nusu milimita hivi. Pumba nazo zisagwe kwenye mashine na kupita chekeche hilohilo. Ukubwa wa chembe za pumba ndio unaoamua ukubwa wa vijitundu, kwa hiyo chekeche lililotoboka ni hatari isiyoonekana: siku moja chembe kubwa zinapita, na mwezi mzima vyungu vinavujisha haraka bila mtu kujua kwa nini. Likagueni kila asubuhi kwa kuliinua kwenye mwanga.

Pimeni kwa mizani, msitumie debe. Debe la pumba zenye unyevu wa msimu wa mvua na debe la pumba za Januari si kitu kimoja. Anzeni jaribio kwa viwango vitatu vya pumba, tuseme asilimia 18, 22 na 26 ya uzito wa mchanganyiko mkavu, vyungu vyenye namba angalau 10 kwa kila kiwango, vyote katika mchomo mmoja. Mkiweka kila kiwango kwenye mchomo wake, hamtaweza kutenganisha athari ya pumba na athari ya moto. Pia vichanganyeni tanurini, vya viwango vyote viwe juu, katikati na chini, maana joto la tanuri halifanani kila mahali.

Changanyeni vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo mwongeze maji kidogo kidogo. Andikeni maji kwa lita.

Hatua ya 3: Kukandamiza, kukausha, kuchoma

Vyungu vinatengenezwa kwa kalibu mbili, ya ndani na ya nje, zikikandamizwa kwa jeki ya lori kwenye fremu ya chuma. Donge la kila chungu lipimwe uzito uleule. Kabla udongo haujakauka, pigeni muhuri wenye namba ya mchomo na namba ya chungu kwenye ukingo. Namba hiyo ndiyo kamba inayounganisha utafiti wote. Mama wa Nagongera akisema baada ya miezi tisa kwamba maji yanatoka kwa shida, mtaisoma kwenye ukingo na kujua ni udongo upi, pumba zipi, sehemu gani ya tanuri.

Kausheni kivulini, polepole, kwenye vichanja vyenye hewa. Ukingo hukauka kabla ya kitako, na hapo ndipo ufa unapozaliwa, kwa hiyo funikeni ukingo kwa nailoni siku za kwanza. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, kukausha kunachukua muda mrefu zaidi. Msikubali oda za haraka miezi hiyo.

Kwenye tanuri, joto lipande taratibu mpaka mvuke wote uishe, kwenye nyuzi 100 hadi 120, na hiyo peke yake ni saa kadhaa. Mvuke ukifungiwa, chungu hupasuka. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga wa kwazi hubadilika umbo ghafla na kutanuka, hivyo pandisheni polepole, na wakati wa kupoa mpite tena polepole palepale. Kilele ni kati ya nyuzi 830 na 900, kulingana na udongo. Kipimajoto cha waya kinachofaa moto mkali kinanunuliwa mara moja na kinalipa haraka. Msipokuwa nacho, tumieni koni za wafinyanzi zinazoinama joto likifika, moja juu na moja chini ya tanuri. Mlango usifunguliwe mpaka tanuri lipoe lenyewe, hata kama mnunuzi amekwisha kufika na pikapu.

Vunjeni chungu kimoja cha kila mchomo. Ukuta ukiwa na mstari mweusi katikati, pumba hazikuungua zote: mchomo umekimbizwa, au hewa haikutosha. Andikeni pia kuni zilizotumika kwa kilo. Kikundi kinacholinda afya kwa kumaliza miti ya jirani kimehamisha tatizo tu, na bei ya kuni nayo haishuki.

Hatua ya 4: Kila chungu kipimwe, si sampuli

Kwanza sauti. Chungu kikavu kikigongwa kwa kifundo cha kidole kinalia wazi. Chenye ufa kinatoa sauti butu. Pili mapovu. Kilowesheni, kigeuzeni mdomo chini, kizamisheni ndani ya maji, mtazame mkondo wa mapovu unaotoka mahali pamoja. Tatu mtiririko. Baada ya kulowa usiku kucha, kijazeni mpaka ukingoni na kupima maji yaliyoshuka kwa saa moja. Wengi hukubali lita 1 hadi 2.5.

Lazima chungu kiwe kimejaa wakati saa inaanza. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy alieleza mwaka 1856 kwamba maji hupita kwenye mchanga kwa kasi inayofuata kina cha maji kilicho juu yake. Chungu nacho ni hivyohivyo, maji yakishuka kasi inashuka. Anayepima chungu nusu na anayepima kilichojaa hawazungumzii kitu kimoja.

Kinachopitisha haraka mno kisiuzwe hata kwa bei ya chini. Kivunjeni, kisageni, mkirudishe kidogo kidogo kwenye mchanganyiko. Kinachopitisha polepole mno ni kisafi lakini familia ya watu wanane haitakisubiri, itarudi kwenye jerikani.

Chora chati ya ukutani. Kila mchomo uwe nukta moja: wastani wa mtiririko. Mstari wa katikati ni wastani wa michomo yenu 20 ya mwanzo. Nukta nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari, kuna kilichobadilika, hata kama kila chungu bado kimo ndani ya mipaka. Chati ya namna hii ilianzishwa na Walter Shewhart, mtaalamu wa ubora wa viwandani, mwaka 1924, na inafaa karakana yenye mafundi wanne kama inavyofaa kiwanda cha saruji cha Tororo.

Mkitumia madini ya fedha kuzuia bakteria wasizaliane ukutani, yapakwe baada ya vipimo, chungu kikiwa kikavu, kwa kiasi alichoelekeza muuzaji. Maji ya mijazo mitatu ya kwanza yamwagwe. Shirika la Afya Duniani linavumilia hadi miligramu 0.1 za fedha kwa lita ya maji ya kunywa. Pelekeni sampuli chache maabara kuthibitisha. Na mwelezeni mnunuzi asitie klorini ndani ya chungu, kwa sababu inakwangua fedha hiyo. Wakati wa mlipuko, afisa afya akiagiza klorini, itiwe kwenye ndoo ya chini.

Hatua ya 5: Maabara ya maji

Chukueni maji mahali patatu kwa kila kaya: kwenye chombo cha kuchotea, kwenye koki ya chujio, na kwenye kikombe ambacho mtu anakinywea. Msiache kikombe hata bajeti ikibana. Tofauti ya mbili za kwanza inapima tanuri lenu. Tofauti ya mbili za mwisho inapima jikoni.

Pimeni E. coli, bakteria anayeonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, katika mililita 100. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa kinataka asiwepo hata mmoja. Kwa utafiti, tumieni pia madaraja ya hatari: chini ya 1, 1 hadi 10, 11 hadi 100, zaidi ya 100. Kaya iliyotoka daraja la mwisho hadi la pili imepata kitu kikubwa, ingawa haijafikia kiwango. Sampuli zikae kwenye boksi la barafu na zifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana. Kwa vijiji vya mbali kuna mifuko yenye vyumba vinavyobadilika rangi, isiyohitaji umeme.

Hatua ya 6: Bei

Msiulize watu "ungelipa shilingi ngapi?" Kwa heshima ya mgeni watataja namba nzuri, na siku ya kuuza hamtawaona.

Kuna njia ya haki iliyotumika kaskazini mwa Ghana kwa machujio ya udongo. Mtu anataja bei yake ya juu kabisa. Kisha anachomoa kikaratasi chenye bei kutoka kwenye mfuko. Kikaratasi kikiwa sawa na bei yake au chini, ananunua kwa bei ya kikaratasi, papo hapo. Kikiwa juu, hanunui, na hakuna majadiliano. Kutaja bei ya uongo hakumsaidii, juu wala chini. Fanyeni mazoezi ya kwanza kwa kipande cha sabuni ili kila mtu aelewe.

Namna ya kulipa inaweza kuwa na uzito kuliko bei. Mchumi David Levine na wenzake walijaribu hapa Uganda mauzo ya majiko sanifu. Mnunuzi alipopewa kujaribu bure kwanza, kulipa kwa awamu na haki ya kurudisha, waliochukua vijijini walipanda kutoka asilimia 5 hadi 57. Jiko si chujio, lakini mnunuzi ni yuleyule: ana hofu ya kutoa pesa kwa kitu kitakachoharibika kesho. Anzeni na vikundi vya kuweka na kukopa. Marejesho yapangwe baada ya mavuno ya mpunga au mtama, na mkataba uwe na wiki mbili za kujaribu.

Koki na vyungu vya akiba viwe dukani kwenye kituo cha biashara kilicho karibu, kabla ya chujio la kwanza kuuzwa. Kamboja, utafiti wa Brown na wenzake ulikuta matumizi yakishuka kama asilimia 2 kila mwezi, na sababu kubwa ilikuwa kuvunjika. Watu hawakuchoka na maji safi. Walikosa kipuri.

Hatua ya 7: Jikoni

Mtafiti anapofika na fomu na kuuliza "Mnatumia chujio kila siku?", jibu ni ndiyo. Hiyo ni adabu, si uongo, na fomu isiyoelewa adabu itarudisha takwimu tupu. Fanyeni ziara hivi:

"Hodi hapa mama."

"Karibuni, karibuni ndani."

"Asante mama. Jua ni kali leo, tunaomba maji ya kunywa."

Halafu nyamazeni mtazame. Anachota kwenye koki au anainua kifuniko cha mtungi? Kikombe kinatoka wapi, kinasuuzwa kwa maji gani? Baada ya hapo ndipo mwombe kuona chujio. Gusa ukuta wa chungu kwa nje kwa kiganja kisafi: chungu kinachotumika kina unyevu, kilichokaa siku tatu ni kikavu na ukingo wake una vumbi. Tazama kama brashi ipo, kama koki inadondosha, kama chungu kinapooshwa kinawekwa chini sakafuni. Andika uliyoyaona katika safu moja na aliyoyasema katika safu nyingine. Kamati ya maadili iambiwe mapema kuhusu njia hii, na ridhaa ya kaya itaje kwamba mtatazama matumizi ya maji.

Kuelewa kwa nini wengine wanatumia na wengine wameacha, tumieni mpangilio wa mwanasaikolojia Hans-Joachim Mosler wa mwaka 2012, unaogawa vichocheo vya tabia katika makundi matano: hatari anayoiona mtu, mtazamo wake, desturi za wanaomzunguka, uwezo wake, na namna anavyojipanga na kukumbuka. Andaeni maswali machache kwa kila kundi, yatafsiriwe Dhopadhola, Ateso, Lusamia au Lugwere, kisha mtu mwingine ayarudishe Kiswahili bila kuona ya mwanzo. Linganisheni majibu ya wanaotumia na walioacha. Pale yanapotofautiana sana ndipo pa kuweka nguvu.

Mara nyingi mahubiri kuhusu vijidudu ndiyo yanayopewa muda wote, na kumbe walioacha wanajua habari za vijidudu sawasawa na wanaoendelea. Wanachokosa ni saa maalumu ya kujaza chungu. Chungu kinajazwa mara moja asubuhi, kinaisha mchana, watoto wanarudi shule wanakuta ndoo tupu. Dawa yake ni kufunga kujaza kwenye kazi iliyopo tayari: jerikani ya jioni ikifika kutoka kisimani, cha kwanza ni chungu. Au wamekatishwa tamaa na mtiririko uliopungua mvua zilipochafua kisima, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwa vitendo kusugua chungu kwa brashi na maji yaliyochujwa, bila sabuni. Sabuni ni ya ndoo na koki. Onyesheni, kisha mama aonyeshe mbele yenu, kisha mtoto mkubwa naye afanye.

Mzee wa nyumba asisahaulike. Yeye ndiye mara nyingi anayetoa pesa ya koki mpya, na akizoea kuwapa wageni wake maji ya chujio, desturi inahama kijiji kizima.

Hatua ya 8: Kaya ngapi, na nani anapima

Mkitaka kujua sehemu ya kaya zinazotumia, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi pointi 10, hesabu ya kawaida inatoa kaya 96. Lakini majirani hufanana. Mkichukua kaya 10 kwa kijiji na kukadiria mfanano wa majirani kuwa 0.05, zidisheni kwa 1.45 (yaani 1 + 9 × 0.05), mnapata 139. Ongezeni watakaohama, mfike kaya 160 katika vijiji 16. Kulinganisha njia mbili za kuuza au aina mbili za ziara kunahitaji zaidi ya hapo, kaeni na mtaalamu wa takwimu. Bahati nasibu ya kuchagua vijiji vya kuanza na vya kusubiri ifanywe kwa vijiji vizima, hadharani, mbele ya wenyeviti, na vijiji vinavyosubiri viahidiwe tarehe.

Tembeleeni mwezi wa 1, 3, 6 na 12 ili mpate kiangazi na mvua. Kuhusu kuhara, ulizeni siku 7 zilizopita tu, lakini msijenge hitimisho juu yake peke yake. Anayejua kwamba amepewa chujio huwa mwepesi kusema watoto ni wazima. Mkikuta mtoto anaharisha siku hiyo, kazi ya kwanza ni ORS, chumvi ya kurudishia maji mwilini, na zinki na kumpeleka kituo cha afya. Fomu itasubiri.

VHT anayeuza asipime. Akipata kamisheni kwa kila chujio halafu mnamtuma akahesabu yanayotumika, mmemweka pabaya yeye na takwimu zenu. Gawanyeni kamisheni: nusu siku ya kuuza, nusu baada ya miezi sita chujio likikutwa linatumika, na athibitishe mtu wa kijiji kingine. Hapo muuzaji mwenyewe anakuwa na sababu ya kupita kuuliza kama koki inadondosha.

Hatua ya 9: Matokeo yarudi kijijini na karakanani

Kila baada ya miezi mitatu, fundi, mtunza fedha na mtu wa afya wakae meza moja na jedwali moja, safu zikianza na namba ya mchomo na kuishia na daraja la E. coli kikombeni. Watafute michomo yenye machujio mengi yaliyoachwa. Ikiwa yote yalikuwa na mtiririko chini ya lita 1.2, basi mpaka wa chini wa mtiririko karakanani upandishwe, hata kama maabara iliyapenda. Yakiwa yametawanyika michomo yote lakini yamejaa kijiji kimoja, nendeni kijiji hicho mkamuulize mwenyekiti kuna nini. Kila badiliko liwe moja kwa wakati, liandikwe tarehe, lipewe miezi mitatu kabla ya jingine.

Mwisho wa mwaka, kabla ya ripoti kwenda kwa mfadhili au chuoni, itisheni baraza kila kijiji na kuwasomea namba zao kwa lugha yao, pamoja na zile zisizopendeza. Kila kaya ipewe kwa faragha matokeo ya maji yake yenyewe. Kaya zilizosubiri ziuziwe sasa kwa bei na awamu zilezile. Na bajeti ya mwaka wa pili ianze na mstari wa koki, brashi na vyungu vya kubadilisha, ukiwa na jina la duka na simu ya anayehusika, hata kabla ya mstari wa mishahara.